Maria Marten: Mauaji ya ghala jekundu, kutoka kijijini hadi filamu bubu ya 1928

Mwaka 1928 mwongozaji wa Kiingereza Walter West alitoa filamu isiyo na sauti iliyoitwa Maria Marten. Watazamaji wengi wa Uingereza waliingia ukumbini wakiwa tayari wanaijua hadithi yake. Kijana wa familia yenye mashamba anampenda binti wa maskini, anamwahidi ndoa, anamuua ndani ya ghala na kumzika humo humo. Karibu mwaka mmoja baadaye mama wa kambo wa binti huyo anaota ndoto, baba anakwenda kuchimba, na muuaji anaishia kunyongwa.

Hadithi hiyo haikutungwa. Muuaji wa kweli, William Corder, alinyongwa Agosti 1828, miaka 100 kabla ya filamu kutoka. Katika kipindi hicho kisa chake kilikuwa kimechezwa majukwaani, kwenye mahema ya maonyesho, kwa vikaragosi vya kamba na katika filamu fupi za mwanzo kabisa.

Katika makala hii tunaeleza tukio lenyewe, namna lilivyogeuzwa kuwa mchezo wa jukwaani, na namna mchezo huo ulivyofika kwenye sinema. Tunaeleza pia kilichopotea njiani, nacho ni maisha halisi ya mwanamke aliyeuawa.

Kilichotokea Polstead

Polstead ni kijiji katika kaunti ya Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Maria Marten alizaliwa mwaka 1801. Baba yake, Thomas Marten, alikuwa mtega fuko, yaani alilipwa na wakulima ili awakamate wanyama hao wadogo wanaofukua mashamba. Mama wa Maria alifariki, na baba akaoa mke mwingine aliyeitwa Ann.

Maria alizaa nje ya ndoa mara tatu. Mtoto wa kwanza alimzaa na Thomas Corder, kaka yake William, na mtoto huyo alikufa akiwa mchanga. Wa pili, mvulana aliyeitwa Thomas Henry, alimzaa na mwanamume mwenye mali aitwaye Peter Matthews. Matthews hakumuoa, lakini alikuwa akituma fedha za matunzo. Wa tatu alimzaa na William Corder mwaka 1827, na huyo naye hakuishi.

Familia ya Corder ilikuwa ya wakulima wenye uwezo. William alizaliwa mwaka 1803, kwa hiyo alikuwa mdogo kwa Maria kwa takriban miaka miwili. Jambo hili tutalirudia, kwa sababu jukwaani lilikuja kubadilishwa.

Tarehe 18 Mei 1827, William alifika nyumbani kwa akina Marten na kumwambia Maria kwamba lazima waondoke siku ile ile. Alidai kuna hati ya kumkamata kwa kosa la kuzaa nje ya ndoa. Alimtaka avae nguo za kiume ili asitambuliwe, apite mashambani hadi kwenye ghala lililojulikana kama Ghala Jekundu, abadilishe nguo humo, kisha waende pamoja mji wa Ipswich kufunga ndoa.

Msomaji wa leo anaweza kujiuliza kwa nini mwanamke wa miaka 25 aliamini maneno hayo. Jibu ni kwamba yaliaminika. Nchini Uingereza wakati huo, parokia ndiyo iliyobeba gharama za kuwatunza maskini wa eneo lake. Mama asiye na mume ambaye mtoto wake alikuwa mzigo kwa parokia aliweza kupelekwa kwenye nyumba ya marekebisho, ambayo kwa kweli ilikuwa aina ya gereza. Kwa mwanamke katika hali ya Maria, tishio la kukamatwa lilikuwa jambo la kuogopwa kweli kweli. Corder alijua hivyo, na hofu hiyo ndiyo aliyoitumia.

Maria hakuonekana tena akiwa hai. Kwa miezi mingi Corder aliendelea kuwaambia wazazi kwamba binti yao yuko salama, tena kwamba yuko kisiwa cha Wight. Walipouliza kwa nini haandiki barua, mara alisema anaumwa, mara ameumia mkono, mara barua imepotea njiani. Baadaye Corder alihama Polstead. Akiwa London alitangaza gazetini kwamba anatafuta mke, akampata mwanamke aitwaye Mary Moore, wakaoana na kuendesha pamoja shule ya wasichana.

Huku nyuma, Ann Marten alisema ameota kwamba Maria ameuawa na kuzikwa ndani ya Ghala Jekundu. Tarehe 19 Aprili 1828 alimshawishi mumewe akatazame. Thomas Marten alichoma ardhi kwa chuma chake cha kutegea fuko, na mahali udongo ulipokuwa laini akachimba. Alikuta mwili wa bintiye ndani ya gunia. Shingoni kulikuwa na kitambaa cha kijani kilichotambuliwa kuwa cha Corder.

Kesi iliyohukumiwa mitaani kwanza

Corder alikamatwa London na kurudishwa Suffolk. Kesi ilianza tarehe 7 Agosti 1828 katika mji wa Bury St Edmunds. Kwa kuwa mwili ulikuwa umeoza, haikuwezekana kuthibitisha bila shaka kama Maria alikufa kwa risasi, kisu au kunyongwa, hivyo mashtaka yaliandikwa kwa njia kadhaa ili mshtakiwa asiponyoke kwa sababu ya maneno tu.

Sheria ya wakati huo haikumruhusu wakili wa mtu aliyeshtakiwa kwa kosa zito kuihutubia juri kwa niaba yake. Haki hiyo ilipatikana mwaka 1836. Kwa hiyo Corder alisoma utetezi wake mwenyewe. Alidai waligombana, akamwacha Maria ghalani, na alipokuwa akiondoka akasikia mlio wa bastola. Aliporudi, alisema, alimkuta amejiua. Juri haikumwamini. Ilichukua takriban dakika 35 kufikia uamuzi kwamba ana hatia. Kabla ya kunyongwa alikiri kwamba ni yeye aliyempiga Maria risasi wakati wa ugomvi, ingawa alikana kumchoma kisu.

Kwa upande wetu, sehemu muhimu ya kesi hii iko nje ya mahakama. Corder akiwa bado rumande, tayari kulikuwa na maonyesho yaliyoigiza mauaji hayo na kumwonyesha yeye akiua. Magazeti yaliandika kwa wingi na kwa kujaza utamu. Jaji William Alexander alieleza mahakamani kutoridhishwa kwake na habari hizo, akiona zinamdhuru mshtakiwa ambaye bado hajahukumiwa. Kwa maneno mengine, mchezo wa kuigiza ulitangulia hukumu.

Corder alinyongwa hadharani tarehe 11 Agosti 1828 mbele ya maelfu ya watu. Mchapishaji wa London, James Catnach, aliuza karatasi zenye habari na nyimbo za mauaji hayo kwa idadi inayosemekana kupita milioni moja. Watalii walimiminika Polstead, wakabandua mbao za ghala kama kumbukumbu. Hata jiwe la kaburi la Maria lilimegwa vipande vipande na wageni, mpaka likaisha.

Melodrama ni nini?

Leo tunaposema mchezo fulani ni melodrama, mara nyingi tunamaanisha kwamba umezidisha machozi na mikasa. Mwanzoni neno hilo lilikuwa na maana ya kawaida zaidi, yaani mchezo unaokwenda pamoja na muziki. Sehemu ya kwanza ya neno inatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wimbo.

Nchini Uingereza muziki huo ulikuwa na sababu ya kisheria pia. Tangu karne ya 17, ruhusa ya kifalme ya kuonyesha michezo ya maneno matupu jijini London ilitolewa kwa kumbi chache tu, hasa Drury Lane na Covent Garden. Kumbi nyingine zilikwepa marufuku hiyo kwa kuchanganya mazungumzo na nyimbo, muziki wa ala na maigizo ya ishara. Ukiritimba huo ulivunjwa kwa sheria ya mwaka 1843. Kufikia wakati huo melodrama ilikuwa imeshakita mizizi, na watazamaji wake wengi walikuwa wafanyakazi wa mijini.

Melodrama ilikuwa na wahusika wake wa kudumu. Kulikuwa na msichana mwema anayeonewa, tajiri mwovu mwenye sauti nzito, baba mzee mwenye heshima zake, mchekeshaji wa kijijini, na mtu wa kuja kufichua siri. Muziki ulimwambia mtazamaji nani anaingia hata kabla hajasema neno. Mwisho wa mchezo, mwovu alilazimika kulipa. Watu waliofanya kazi ngumu kwa ujira mdogo, chini ya wenye mashamba na viwanda, walipenda kumwona mwenye mali akifikishwa kwenye kitanzi. Kiu hiyo ya haki tunaielewa, na hatuna sababu ya kuicheka.

Kisa cha Polstead kilionekana kama kimeandikwa kwa ajili ya ukumbi wa namna hiyo. Kilikuwa na ghala lenye jina la kutisha, binti aliyevaa nguo za kiume, ndoto ya mama wa kambo, baba anayefukua mwili wa mwanawe, na umati kwenye uwanja wa kunyongea. Katika karne yote ya 19 michezo kuhusu Maria Marten ilizunguka Uingereza, mingi bila jina la mwandishi, kila kundi likiongeza na kupunguza lilivyotaka.

Maria wa jukwaani na Maria wa kweli

Ili kisa kiingie katika umbo la melodrama, ilibidi kikatwe. Corder alifanywa mtu mzima kuliko alivyokuwa, bwana wa kijiji anayewinda wasichana. Maria alifanywa binti asiyewahi kumjua mwanamume. Watoto wake waliozaliwa kabla hawakutajwa. Thomas Corder na Peter Matthews waliondolewa.

Waliofanya hivyo huenda waliona wanamheshimu marehemu. Walijua mtazamaji wa wakati ule angemlilia msichana safi, na pengine asingemlilia mama wa watoto watatu wa baba watatu. Lakini tazama gharama yake. Watoto wakiondolewa, tishio la kukamatwa nalo linapungua nguvu, kwa sababu lilisimama juu ya watoto hao. Sheria iliyomfanya mwanamke maskini aogope konstebo kuliko mwanamume aliyesimama mbele yake inapotea machoni. Kinachobaki ni mtu mmoja mwovu na moyo wake mweusi. Akishanyongwa, mtazamaji anarudi nyumbani akiamini kwamba mambo yamenyooka.

Maria wa kweli aliuawa na Corder, na hilo halina mjadala. Lakini mlango wa ghala ulifunguliwa kwa hofu iliyowekwa na sheria na majirani. Melodrama ilimpa haki ya kulipiziwa kisasi, kwa sharti kwamba awe mtu mwingine.

Hatudhani sharti hilo limezeeka. Hata sasa mwanamke anapouawa, si ajabu kusikia watu wakianza kuuliza alikuwa na nani, alivaa nini na alikuwa akitafuta nini huko, kabla ya kuuliza aliyemuua ni nani.

Filamu ya 1928

Sinema ilikichukua kisa hiki mapema. Dicky Winslow alitengeneza toleo mwaka 1902. Mwaka 1908 William Haggar, aliyekuwa na maonyesho ya kuhamahama nchini Wales, alitengeneza lake. Maurice Elvey alifuata mwaka 1913. Filamu ya Walter West ya mwaka 1928 ilikuwa ya nne, na ya mwisho kabla ya ujio wa sauti.

West hakuwa mgeni kazini. Mwaka 1914 alishiriki kuanzisha kampuni ya Broadwest, na alijulikana zaidi kwa filamu za mbio za farasi. Kampuni hiyo ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1920, kipindi ambacho filamu za Marekani zilikuwa zimejaa kumbi za Uingereza. Katikati ya muongo huo, filamu za Kiingereza zilikuwa karibu asilimia 5 tu ya zilizoonyeshwa nchini. Ndipo bunge likapitisha sheria ya mwaka 1927 iliyowalazimisha wasambazaji na wenye kumbi kuonyesha kiwango fulani cha filamu za nyumbani.

Katika mazingira hayo kisa cha Maria Marten kilikuwa na faida wazi. Kilikuwa cha Kiingereza kabisa, hakikuhitaji kutangazwa sana, na jukwaani kilikuwa bado hai. Katika miaka hiyo ya 1920 mwigizaji Tod Slaughter na kundi lake walikuwa wakifufua melodrama za kale kwenye ukumbi wa Elephant and Castle, kusini mwa London, na Maria Marten ilikuwa miongoni mwa michezo iliyowaletea watu.

Kwenye filamu ya West, wahusika wakuu walichezwa na Trilby Clark, mwigizaji kutoka Australia, Warwick Ward na Dora Barton. Ward alikuwa ameshaonekana katika filamu mashuhuri ya Kijerumani, Varieté ya mwaka 1925, akicheza mwanasarakasi anayemlaghai mke wa mwenzake. Mtazamaji aliyeiona filamu hiyo alijua sura yake ni ya mtu wa namna gani.

Uamuzi mmoja wa filamu hii unastahili kuangaliwa. Iliyasogeza matukio nyuma kwa takriban miaka 50, hadi karne ya 18, katika enzi za wafalme walioitwa George. Tukio la kweli lilikuwa la mwaka 1827, wakati mashamba yalikuwa na wasiwasi wa ujira na gharama za kuwatunza maskini zilikuwa zikilalamikiwa nchi nzima. Kulirudisha nyuma nusu karne kulilifanya kuwa hekaya ya zamani, yenye mavazi ya kupendeza macho. Yaani hatua iliyoanzwa na jukwaa, ya kukitenga kisa na sheria na uchumi wake, sinema iliendelea nayo.

Kwa nini filamu bubu iliifaa melodrama

Sisi tunaofanya kazi ya redio tunajua ugumu wa kusimulia kwa sauti bila picha. Filamu bubu ilikuwa na ugumu wa kinyume chake, na melodrama ilikuwa na majibu tayari.

Kwanza, filamu bubu hazikuwa kimya ukumbini. Mpiga kinanda, na kwenye kumbi kubwa okestra nzima, alipiga muziki kufuatana na kinachoonekana. Hiyo ndiyo melodrama kwa maana yake ya mwanzo. Pili, waigizaji wa jukwaa la aina hiyo walikuwa wamezoea kusema kwa mkono, bega na jicho. Tatu, maneno machache yaliyohitajika yaliandikwa kwenye kadi zilizoonyeshwa katikati ya picha. Mtazamaji aliyekwisha kuijua hadithi hakuhitaji kadi nyingi.

Kamera nayo ilikuwa na nguvu ambayo jukwaa halikuwa nayo. Ilimsogeza mtazamaji mpaka karibu na uso. Kwa kupiga picha juu ya picha, watengenezaji wa filamu waliweza kuonyesha ndoto ya mtu aliyelala bila kuifafanua kwa maneno. Kisa chenye ndoto katikati yake kilikuwa chakula kizuri kwa chombo kama hicho.

Lakini muda ulikuwa umekwisha. Filamu ya Marekani yenye sauti, The Jazz Singer, ilionyeshwa London mwaka huo huo wa 1928. Mwaka 1929 Alfred Hitchcock alitoa Blackmail kwa sauti, na baada ya muda mfupi filamu bubu zikaacha kutengenezwa Uingereza.

Baada ya hapo

Toleo la sauti lilikuja mwaka 1935, likiongozwa na Milton Rosmer, na Tod Slaughter mwenyewe akimcheza Corder kama alivyozoea jukwaani. Filamu hiyo inaanza kwa kuwatambulisha wahusika mmoja mmoja kama vile tuko kwenye ukumbi wa zamani. Watengenezaji walikuwa wanatukonyeza macho, kwamba tuzomee na tufurahi. Zaidi ya miaka 100 baada ya mauaji, hofu ilikuwa imegeuka burudani.

Ghala Jekundu lenyewe liliteketea kwa moto mwaka 1842. Sheria ilitaka mwili wa muuaji upasuliwe na madaktari, na mifupa ya Corder ilitumika kufundishia. Baadaye ilikuwa London, katika Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji, mpaka ilipochomwa mwaka 2004. Katika jumba la makumbusho la Moyse's Hall, mjini Bury St Edmunds, bado kuna sanamu ya uso wake iliyochukuliwa baada ya kunyongwa, na kitabu cha habari za kesi kilichojaladiwa kwa ngozi yake.

Maria hana vitu kama hivyo. Jiwe lake halipo, na pale uwanja wa kanisa la Polstead kuna kibao tu cha kueleza kwamba alizikwa hapo. Kati ya wawili hao, aliyeua ndiye aliyehifadhiwa zaidi.

Kwa hiyo, ukipata nafasi ya kutazama mojawapo ya filamu za Maria Marten, furahia ndoto, muziki na mwovu anayejua kukunja uso. Kisha jiulize maswali ambayo filamu hizo hazikupenda kuyauliza. Thomas Henry, mwanawe aliyebaki, yuko wapi katika hadithi hii? Na ni sheria gani iliyomfanya mama yake avae suruali ya kiume na kukimbilia ghalani mchana wa Mei?